Springi ya Tatu

Lucia alipoona viatu vya Mzee Urbano vimetokeza chini ya Landrova uani kwa mzee, alimsalimia. Ilikuwa Jumapili, saa nne na dakika kumi asubuhi, na fundi mzee wa parokia kushika spana siku ya Bwana lilikuwa jambo la kumtania. "Shikamoo, mzee. Padri akikuona je?" Hakuitikiwa. Akasalimia tena, akainama, ndipo akaona kwamba kati ya chasisi na ardhi hapakubaki nafasi ya kifua cha mtu.

Kelele zake ziliwaleta watu waliokuwa wakitoka misa ya kwanza. Wanaume sita waliinua nyuma ya gari kwa mikono, wakasukuma magogo chini yake, wakamtoa mzee. Alikuwa amekwisha kufa. Mmoja akasema jeki imeteleza, mwingine akasema maskini, na uzee ule. Koplo Kalista wa upelelezi wa Sumbawanga alipofika, saa tano kasoro robo, mtaa mzima ulikuwa umekwisha kukubaliana kwamba jeki imeteleza.

Kalista alipiga picha kwa simu yake: gari, zana, na watu wote waliosimama uani. Kisha akachuchumaa. Hakuwa mjuzi wa magari, lakini alijua kuchuchumaa na kutazama, kazi ambayo wakubwa zake wengi waliiacha vitambi vilipoanza.

Jeki haikuwa imelala ubavu. Ilisimama wima mahali pake, imeshuka mpaka mwisho, na skrubu ya kuishushia ilikuwa imelegezwa. Skrubu hiyo ilielekea nje, mahali ambapo mtu aliyelala chini ya gari asingeweza kuifikia. Katika vumbi chini ya chasisi palikuwa na alama ya duara pana, kama la tairi lililolazwa.

"Mzee alikuwa na kawaida ya kulaza tairi chini ya gari analotengeneza?" aliuliza.

"Siku zote, afande," mzee mmoja alijibu. "Hata jeki ikiachia, gari linakaa juu ya tairi. Sisi tulimcheka kwa uoga wake."

"Leo mmelikuta wapi hilo tairi?"

Yule mzee alionyesha ukutani. Tairi lilikuwa limeegemezwa pale vizuri kabisa, na hakuna aliyekiri kuligusa.

Kando ya gari palitandikwa gunia, na juu yake kulikuwa na springi mbili za Landrova, zile nzito za majani ya chuma yaliyolaliana, makubwa juu, madogo chini. Mzee alikuwa akichagua springi ya kubadilishia ile iliyochoka. Lakini kutu ilikuwa imechora gunia mistari mitatu, na mstari wa tatu haukuwa na springi yake.

Hapo ndipo Kalista alipoanza kuogopa. Spana zote zilikuwepo, betri ilikuwepo, simu ya mzee ilikuwa mfukoni mwake. Mtu alikuwa amemwangushia mzee gari kifuani, kisha akaondoka na chuma chakavu. Kitu kama hicho hakibebwi mbali mchana kweupe, kwa hiyo aliyekibeba alitoka karibu. Huenda alikuwa pale pale, nyuma yake, ameshika kofia mkononi kwa heshima ya marehemu. Alisimama polepole, akageuka, akawatazama mmoja mmoja. Nyuso zote zilikuwa za huzuni.

Aliyekuwa akishughulika kuliko wote ni Mzee Evaristi, jirani wa ua wa nyuma na mwenyekiti wa jumuiya. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbilia kuinua gari. Shati lake jeupe la misa lilikuwa limeingia kutu mikononi na begani, na sasa alikuwa akipanga nani aende kwa padri na nani akakodi viti. Lucia alikaa miguuni pake kwenye kigoda.

"Shikamoo, mzee," Kalista alimwambia Evaristi. "Huyu mama ndiye aliyemkuta?"

"Marahaba. Ndiye. Ni shemeji yangu, mke wa mdogo wangu Valerian. Amepata mshtuko, afande, muache kidogo."

Habari za Valerian kila mtu alizijua. Miaka miwili nyuma aliondoka na Landrova yake ya zamani, ile aliyoirithi kwa baba yao, na Evaristi alisema ndiye aliyemsindikiza mpaka Kipili, bandari ya Ziwa Tanganyika, akamwona akipakia gari kwenye boti kuvuka kwenda Kongo kutafuta biashara. Hakurudi, hakupiga simu. Lucia alibaki pale kwa shemeji yake, si mjane wala si mke.

"Mama, ulikuja kufanya nini kwa Mzee Urbano?"

"Aliniita," Lucia alisema. "Jana jioni alinipigia, akasema nije baada ya misa, ana..."

"Shemeji," Evaristi alisema kwa upole, akamwekea mkono begani. "Pumzika kwanza. Utasema yote baadaye."

Kalista aliandika namba ya simu ya Lucia, akajiambia atarudi. Baadaye alijilaumu sana kwa uamuzi huo.

Saa sita mchana alimwita Oswaldi, mwenye gereji jirani na stendi. Mashahidi wanne walikuwa wamesema kwamba Ijumaa Oswaldi aligombana na marehemu mbele ya watu, akamwambia kuwa gari lile litakuja kumuua. Alikuja na mikono yenye grisi na hasira.

"Nilimwambia, ndiyo," alisema kabla hajakaa. "Nimemwambia miaka kumi. Yeye na vile vyuma vyake vya kale."

"Mligombania nini?"

"Springi. Alphonce wa Kipili alimletea mbili zilizotoka Kongo, nzima, safi. Mimi nikamwambia funga. Akakataa."

"Kwa nini akatae springi nzima?"

Oswaldi alimtazama kama mwalimu anayeulizwa moja na moja ni ngapi. "Afande, Landrova za zamani springi zake hazilingani kulia na kushoto. Upande wa dereva una uzito zaidi, kwa hiyo springi yake ina mgongo mkubwa, imejipinda zaidi. Sisi dereva anakaa kulia. Kongo dereva anakaa kushoto. Kwa hiyo springi ya Kongo yenye mgongo ni ya kushoto. Mimi nilimwambia hamisha tu, weka hii huku na hii kule. Akasema majani yake pia yamechoka, akayagonga na nyundo nisikie. Ukweli yalilia kama sufuria iliyopasuka. Nikakasirika kwa sababu alisema kweli."

"Alphonce naye alikasirika mali yake kukataliwa?"

"Alicheka kwenye simu. Yuko Kipili tangu Jumatano, mpigie."

Kalista alipiga. Simu ilipokelewa katikati ya kelele za wapakuaji wa samaki, na kiongozi wa soko akathibitisha kwamba Alphonce alikuwa mbele ya macho yake tangu alfajiri. Oswaldi naye alikuwa kwenye kwaya misa ya kwanza na mazoezi baada yake. Watu arobaini walimwona, na wote walisema aliimba vibaya.

"Springi ya tatu ilitoka wapi?" Kalista aliuliza.

Oswaldi alifikiri. "Basi ndiyo ile. Aliniambia ameshapata ya kulia, tena yenye jani la nyongeza. Ililetwa Alhamisi na Victor, mhunzi wa njia ya Matai. Nikasema nionyeshe. Akasema hapana, kuna mtu anayetakiwa kuiona kwanza. Ilikuwa imefunikwa, na mzee mwenyewe hakuwa na furaha. Nilidhani anaumwa."

Gari la kituo lilikuwa Kasanga na lisingerudi kabla ya magharibi. Kalista alichukua bodaboda. Upepo wa uwanda wa Ufipa ulikuwa mkali, na kwa nusu saa nzima alikuwa akigeuka nyuma kuona kama kuna anayemfuata. Hakukuwa na mtu, ila mashamba ya mahindi na ng'ombe. Hata hivyo aliendelea kugeuka.

Victor mhunzi alikuwa mtu mfupi mwenye kifua kipana. Alipoambiwa kwamba Urbano amekufa, aliweka nyundo chini, akakaa juu ya kipande cha reli alichokuwa akifulia, akajipangusa uso kwa kiganja.

"Ni mimi niliyempelekea kile chuma," alisema.

"Nieleze tangu mwanzo, mzee. Usiruke kitu."

"Springi za magari ndizo chuma chetu siku hizi, afande. Jembe la springi halivunjiki. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa sita, mtu mmoja alikuja na pikapu, akashusha springi nne. Akataka majembe. Nilifua tatu. Ya nne nilipoifungua nikakuta jani lina alama ya patasi, mikato mitatu kama mguu wa kuku. Ile ni alama ya baba yake Urbano, na Urbano aliirithi. Wao na sisi ni wahunzi tangu enzi za tanuri. Katika ukoo wetu, chuma chenye alama ya mhunzi mwingine hakiingii motoni mpaka mwenyewe aseme. Nilimwambia yule mtu, hii siigusi, ichukue. Akanibembeleza, akakasirika, mwisho akasema itupe popote. Hakuwa mtoto wa wahunzi, alidhani chuma kikishafika kwangu kimekwisha."

"Ukaiweka."

"Nikaiweka pembeni mpaka nitakapokwenda mjini, na mjini siendi mara kwa mara. Alhamisi nilikwenda. Mzee aliigeuza, akahesabu majani, akayahesabu tena. Akasema, Victor, hili jani nililitia katika gari moja tu maishani, la Valerian, kwa ajili ya magunia ya kutoka kule bondeni Kaoze. Hilo gari tuliambiwa limevuka ziwa."

Kalista aliacha kuandika. "Alisema atafanya nini?"

"Mimi nilimwambia nenda polisi. Akasema si adabu. Habari ya mtu aliyepotea huanza kwa kaka yake, ndipo mke aambiwe, ndipo serikali. Alisema hataki Lucia aambiwe na askari." Victor alitikisa kichwa. "Mzee alikuwa na adabu sana."

Kalista alifungua picha za asubuhi. Alimpa mhunzi simu, akamwacha apitishe nyuso mwenyewe.

"Huyu," Victor alisema. "Mwenye shati jeupe. Ndiye wa pikapu."

Kalista alikuza picha. Wanaume sita walikuwa wameinua gari, na wote walichafuka mikono na tumbo, mahali gari lilipowagusa. Mmoja tu ndiye aliyekuwa na kutu begani, mstari mnene ulionyooka kutoka shingoni hadi mgongoni, mahali mtu anapobebea chuma kizito. Alikuwa ametoka kupitisha springi kwenye ua wa nyuma. Aliposikia shemeji yake akipiga kelele, akakimbia kuinua gari ili uchafu wake ufanane na wa wenzake. Na Kalista alisimama hatua mbili kutoka kwake, akamwamkia shikamoo.

Saa nane na dakika arobaini alimpigia Lucia. Simu iliita mpaka karibu ikatike.

"Mama Lucia, uko wapi?"

"Nyumbani, afande." Sauti ilikuwa ya chini. "Tunajiandaa. Shemeji ananipeleka Kipili."

"Leo? Na msiba upo?"

"Na mimi nimeshangaa. Anasema Mzee Urbano aliniachia maneno kuhusu Valerian, ni heri nikaone mahali alipopandia boti, moyo utulie. Anasema tutalala huko. Amepakia magunia."

Kalista alipiga hesabu haraka. Akimwambia ukweli, atapiga kelele, na yule mtu yuko pale uani. Asipomwambia, atapanda gari.

"Nisikilize, mama. Itikia ndiyo tu. Huyo yuko karibu?"

"Ndiyo."

"Usipande hilo gari. Mwambie unasonga ugali wa njiani, mwambie unaumwa tumbo, mwambie lolote. Nakuja. Umenielewa?"

Kisha, kwa sauti ambayo Kalista hakuisahau, Lucia alisema, "Ndiyo, dada, salamu nitazifikisha," na simu ikakatika.

Walirudi kwa bodaboda mbili, Kalista mbele, Victor nyuma. Aliwapigia wenzake kituoni, wakasema wanakuja kwa miguu. Njia nzima aliomba, na yeye si mtu wa kuomba sana. Alikuwa akimwona Lucia kwenye kiti cha mbele, barabara ndefu ya kwenda Namanyere, kisha mteremko wa ziwa, na maji yale ambayo yakimeza kitu hayakirudishi.

Saa tisa na robo alisukuma geti la Evaristi. Pikapu ilikuwa ikiunguruma. Lucia alikuwa ameketi mbele, amekumbatia sufuria yenye ugali, uso wake umepauka. Hakuwa na mbinu nyingine iliyobaki.

"Karibu, afande," Evaristi alisema. Akapita nyuma yake, akafunga geti, akashusha komeo. Alifanya hivyo bila haraka. "Tulikuwa tunaondoka."

Bodaboda ya Victor haikuwa imefika. Kalista alikuwa peke yake ndani ya ukuta mrefu, na mkononi mwa Evaristi mlikuwa na mpini wa jeki. Aliamua kuongea, kwa sababu kuongea ndicho kitu pekee alichokuwa nacho.

"Nimekuja kuuliza jambo dogo, mzee. Kuhusu springi."

"Mimi si fundi."

"Lakini ulikuwa na Landrova kwenu. Ya baba yenu. Ile springi ya kulia, Mzee Urbano aliitia jani la ziada. Unakumbuka?"

"Ilikwenda Kongo na gari lake."

"Alikuambia lini kwamba imerudi? Ijumaa au Jumamosi?"

Evaristi alisogea hatua moja, na mpini ukapanda kidogo mkononi. Mlango wa pikapu ukafunguka. Lucia alishuka, sufuria ikadondoka, naye akapita kati yao wawili bila kumtazama yeyote, akainua komeo. Nje alikuwa amesimama Victor, mkono umenyooshwa kugonga, na nyuma yake majirani waliokuwa wakitoka kwa marehemu.

"Habari za siku, bwana," mhunzi alimwambia Evaristi. "Hukurudi kuchukua chuma chako."

Mpini ulianguka wenyewe. Victor alipanda nyuma ya pikapu, akavuta gunia la kwanza, la pili, na chini ya la tatu akakuta springi. Aliigeuza, akaonyesha mikato mitatu. Kalista akamfunga Evaristi pingu.

"Nililiosha gari lile tangu nina miaka tisa," Evaristi alisema. Alikuwa akiwaambia majirani, kama mtu anayetoa hoja kwenye kikao cha jumuiya. "Likikohoa nililitambua hata nikiwa usingizini. Baba aliniahidi mimi. Alipokufa wakasema ni la Valerian, kwa sababu eti Valerian ana mke na mimi sina. Siku ile tulikuwa shambani, mimi na yeye. Nilimwomba niliendeshe hata siku moja moja. Akacheka. Nikampiga na nondo."

"Kisha?" Kalista aliuliza.

"Kisha nikaona siwezi kuliendesha. Sumbawanga nzima inalijua. Nililikata mwenyewe, siku kumi na moja." Hapo ndipo sauti yake ilipovunjika, akalia kwa kwikwi, na watu walielewa kwa hofu kwamba anaomboleza gari. "Springi nilidhani zitaisha motoni. Urbano alipokuja kwangu Ijumaa na maneno yake ya adabu, na kuniambia Jumapili atamwambia Lucia, nikaona yote yanarudi."

"Valerian yuko wapi?" Lucia aliuliza.

"Kwenye shamba la ulezi. Upande wa kichuguu."

"Shamba lile ulilonipa nilime."

"Ndiyo."

"Na majembe?" Alimgeukia Victor. "Zile springi tatu. Zilitoa majembe mangapi, baba?"

"Sita, mama," Victor alisema taratibu. "Alichukua yote."

Evaristi alitazama chini. "Matano niliuza," alisema.

Hakuna aliyeuliza la sita. Lucia aliingia nyumba ya uani, akatoka na jembe, ubapa wake umelika kwa misimu miwili ya kazi, mpini umelainika mahali anaposhikia. Aliliweka miguuni pa Kalista kwa uangalifu, kama anayelaza mtoto. Kisha akajifunga khanga kiunoni.

"Twende tukamtoe kabla giza halijaingia," alisema. "Lakini asije mtu na jembe, afande. Tutachimba kwa mikono."

Kalista hakumpinga. Alimkabidhi Evaristi kwa askari wawili waliokuwa wakiingia wakihema, akakunja mikono ya shati lake, akamfuata.